Usiuziwe Umbali, Nunua Mwanga

Haya jamani, leo tuweke kompyuta kando kidogo tuongee lenzi. Nasema wazi tangu mwanzo ili anayetaka kukasirika aanze mapema: kijana wa Bongwe, Ukunda au Msambweni anayeanza kazi ya picha, akinunua kwanza ile lenzi ya bei nafuu inayovuta mpaka milimita 300, ametupa pesa zake. Anunue praimu mbili, yaani lenzi zisizovuta.

Najua nimewakanyaga wengi. Huku kwetu lenzi ndefu ni heshima. Ukipita nayo ufukweni Diani, kila mtu anajua mpiga picha kapita. Muuzaji naye anajua hivyo, ndiyo maana anakutajia 300 kwanza. Namba nyingine iliyoandikwa kwenye lenzi hiyohiyo, f/4-5.6, haitaji kabisa. Na hiyo ndiyo itakayoamua kama mteja atakuita tena.

Tupige hesabu. Namba ya f ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu lake, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Chukua Canon EF 50mm f/1.8 STM iliyotoka mwaka 2015, kitu cha gramu 160 tu. Iweke kando ya EF 75-300mm f/4-5.6 III iliyovutwa mpaka mwisho. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata karibu 9.7. Kale kadogo kanaingiza mwanga karibu mara kumi! Hapo hakuna maoni yangu, ni hesabu ya shule.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kazini. Kazi inayolipa hapa kwetu ni ipi? Harusi, maulidi, sherehe za madrasa, picha za familia. Na harusi ya Kidigo inakolea usiku: sengenya inapigwa, balbu mbili zinaning'inia kwenye turubai, wachezaji hawatulii. Tuseme kwa f/1.8 unapata picha kwa spidi ya 1/125 ya sekunde, ISO 1600. Kwa f/5.6 na ISO ileile unashuka mpaka kama 1/13. Kwa spidi hiyo anayecheza anageuka ukungu. Ukipandisha ISO ili ufidie, unakaribia 16,000, na kwa kamera ya mtumba picha inajaa chenga. Ukiwasha flashi ya juu ya kamera, uso unang'aa jasho na turubai zima nyuma linakuwa giza.

"Nitarekebisha kwenye kompyuta." Ndugu yangu, mimi naandika programu, ndiyo riziki yangu. Data ambayo haikuingia kwenye sensa haipo. Akili mnemba ya siku hizi itakuchorea uso mzuri, lakini hautakuwa uso wa bibi harusi yule. Mama yake atautambua kwa sekunde moja, na harusi hairudiwi.

Najua pingamizi zenu, nazijibu moja moja.

"Na watu wa kaiti je? Na palahala wa Shimba Hills?" Hapo nakubali. Kaiti iko mbali majini, jua ni la saa sita, 1/1000 unaipata bila shida. Kama kila siku unalipwa kwa kazi hiyo, nunua lenzi ya kuvuta na Mungu akubariki. Kama ni mara moja kwa mwezi, kodi.

"Na mbega wa Diani?" Mbega ni mweusi, na anapenda kivuli cha majani. Mtafute jioni kwa f/5.6 uone utakachopata. Lenzi inayomweza vizuri ni kama 70-200 f/2.8, na ikiwa mpya, bei yake inakununulia pikipiki ya bodaboda na chenji inabaki.

"Kubadilisha lenzi ufukweni kunaingiza mchanga." Kweli kabisa. Basi usibadilishe huko! Funga lenzi moja nyumbani, toka nayo. Na hiyo ya kuvuta, kila ikirefuka inavuta hewa yenye chumvi na vumbi ndani. Usijidanganye kwamba iko salama.

Kuna jambo jingine halimo kwenye hesabu: adabu. Lenzi ndefu inamfundisha mtu kuiba nyuso kutoka mbali. Mvuvi wa Gazi anatengeneza nyavu zake, wanawake wako upande wao wa harusi, wewe umejificha nyuma ya mnazi unavuta. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria sisi tulikuwa na hodi. Ukiwa na 50mm huna njia: sogea, toa salamu, omba. Ukikubaliwa, picha utaipata. Ukikataliwa, haikuwa yako.

Kama bado hujaamini, usinisikilize mimi, zisikilize picha zako. Azima lenzi ya kawaida ya 18-55, fanya nayo kazi mwezi mzima, kisha weka ExifTool kwenye kompyuta na uandike ndani ya folda ya picha:

exiftool -T -FocalLength -r . | sort | uniq -c | sort -rn

Utaona umepiga picha ngapi kwa kila urefu. Kama nyingi ziko 55, zote za mchana, na bado ulitamani kuvuta zaidi, nunua hiyo 300, sitabishana nawe. Kama zimejazana kati ya 20 na 50, jibu unalo. Kwa Canon za sensa ndogo, anza na 50mm f/1.8 kwa nyuso, kisha 24mm f/2.8 kwa vyumba vyetu vidogo.

Anayenipinga na aje na picha ya sengenya ya saa nne usiku, aliyoipiga kwa f/5.6 bila flashi. Niko hapahapa Bongwe, namsubiri.