Fundi Anayejibu Haraka Anapiga Ramli

Ukiuliza fundi mzuri wa gari ni nani, uwe Dar es Salaam au Nairobi, utapewa jibu lile lile: ni yule anayesikiliza injini kidogo tu, hata boneti hajafungua, akakwambia, "Bosi, hiyo ni koili." Sifa zake zinazagaa mtaa mzima. Anayekuomba umwachie gari mpaka jioni alipime anaonekana bado mwanafunzi.

Mimi nasema tumeyageuza mambo kichwa chini miguu juu. Huyo wa kwanza anapiga ramli, akipatia, kapatia.

Imani hii ina asili yake, na si ya kipumbavu. Enzi za Peugeot 504 injini ilikuwa na kabureta, na fundi mwenye bisibisi na sikio zuri aliirekebisha silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) mpaka injini ikatulia. Hata leo, jointi ya mbele ikigonga ta-ta-ta ukikata kona, au beringi ya tairi ikivuma kadiri mwendo unavyoongezeka, sikio linatosha.

Lakini chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ, gari lililojaa barabarani kwetu. Taa ya injini imewaka, mashine imetoa kodi ya hitilafu P0171. Maana yake kompyuta imeona hewa imezidi petroli, ikaongeza petroli mpaka ikafika kikomo chake, na bado haijatosha. Fundi wa haraka anang'oa sensa ya oksijeni kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa. Mjumbe hauawi, lakini gereji anauawa kila siku. Kodi inafutwa, taa inazimika, mteja anashukuru. Baada ya siku chache, taa hiyo tena!

Anayepima anaiacha injini kwenye silensa, anasoma kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Kisha anakanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, anasoma tena. Kama asilimia ilikuwa kubwa kwenye silensa na sasa imeshuka, anatafuta hewa inayoingia kwa kificho: mpira uliopasuka baada ya sensa ya hewa, au gasketi ya manifoldi. Kama inapanda kadiri injini inavyobebeshwa kazi, anashuku pampu ya petroli, filta yake, au sensa ya hewa iliyochafuka. Pengine dawa yenyewe ni kukaza klipu moja ya mpira.

Sasa klipu iliyokazwa haina risiti ya duka la spea, na hapo ndipo sisi wateja tunapoharibu. "Umekaza tu, nikulipe nini?" Hela ya sensa isiyohitajika tunaitoa bila kunung'unika, kwa sababu tumeishika mkononi ikiwa ndani ya boksi lake. Hela ya kupima, ambayo ni ndogo kuliko hiyo, tunaona tumeibiwa. Fundi naye ana watoto. Atakula wapi kama si kwenye cha juu cha spea? Tumemfundisha wenyewe kubahatisha, halafu jioni tunakaa kijiweni tukisema mafundi wote wezi.

Na wale walioandika ukutani "Tunapima kwa mashine" wasijipongeze mapema. Kusoma kodi na kubadilisha chochote kilichotajwa ni ramli ile ile, ila hii ina waya.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya spea kununuliwa nauliza swali moja: umepima nini, umepata ngapi? Akinijibu kwa tarakimu, namlipa hata kama hajafungua nati. Akianza kunihesabia miaka aliyokaa gereji, naomba funguo zangu.