Gidamu za Mjomba

Juma hili tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo dogo, ambalo sisi wenyewe tungalicheka mwaka jana kama tungaliambiwa kwamba tutaliandikia safu nzima: kamba za viatu, au gidamu, kama wazee wetu wanavyopenda kuziita.

Mjomba wetu, ambaye kwa miaka mingi alinunua vinyago bara na kuviuza Mombasa, ana maradhi ya kisukari. Daktari alimkataza ndara, akamtaka avae viatu vya kufunika vidole, vyenye kamba, kwani mguu wa mwenye kisukari huweza kupoteza hisi, na kidonda kidogo asichokihisi mtu chaweza kumpotezea mguu mzima. Mjomba akatii. Lakini vidole vyake vya mikono navyo vimekakamaa kwa baridi yabisi, na kufunga kamba kwake ni kazi ya robo saa. Nyumbani husaidiwa na mkewe. Mlangoni mwa msikiti asaidiwe na nani? Mara mbili tatu mjukuu wa jirani alimwinamia akamfungia, watu wakipita. Baada ya hapo mahali pake katika safu ya kwanza pakawa na mtu mwingine. Tulipomuuliza alisema anaswali nyumbani kwa sababu ya jua. Alfajiri hakuna jua.

Mwezi uliopita tulimsindikiza Wamunyu, katika kaunti ya Machakos, kumzuru rafiki yake wa siku za biashara. Wasiopajua, huko ndiko uliko mzizi wa vinyago vya Kikamba tunavyoviona Mombasa kila siku. Mutisya Munge, mwenyeji wa huko, alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kwao, na kutoka Wamunyu kazi hiyo ikashuka hadi Changamwe, ambako wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963. Rafiki wa Mjomba ni mmoja wa wazee wa kazi hiyo.

Tuliposhuka garini tulimfunga Mjomba kamba vizuri, au ndivyo tulivyodhani. Hatukufika mbali. Mchongaji alitupokea mlangoni pa kibanda chake, akatazama chini, akasema, "Mzee wangu, kamba yako inakufuata."

Mjomba aliangalia pembeni kama aliyeitwa na mtu mwingine. Yule mzee hakusema zaidi. Alileta kigoda, akamketisha, akakitazama kiatu cha pili ambacho kilikuwa bado kimefungwa.

"Nani amefunga hili?"

Tukakiri kwamba ni sisi.

"Limelala vibaya," alisema, na akatuonyesha jambo ambalo twaona haya kulijua katika umri huu. Vitanzi viwili vya fundo la kiatu vyapaswa kulala kukingama, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vikielekea mmoja kwenye vidole na mwingine kwenye kifundo cha mguu, fundo hilo ni dhaifu. Sababu ni kwamba tumepinda kamba mara mbili upande ule ule. Dawa yake haigharimu hata senti: ukizoea kuanza kwa kupitisha kamba ya kulia juu ya ile ya kushoto, anza kwa kupitisha ya kushoto juu ya ile ya kulia, kisha maliza vitanzi kama ulivyozoea. Wasomaji na watazame viatu vya watoto wao asubuhi ya Jumatatu kabla ya kuwagombeza kwa uzembe.

Tuliporejea Mombasa tulisoma kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, walilichunguza suala hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017. Waligundua kwamba mguu wa mkimbiaji hugonga ardhi kwa kishindo cha kiasi cha mara saba ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kishindo hicho hulegeza moyo wa fundo, na papo hapo ncha za kamba zinazopepea huku na huku hulivuta. Kukanyaga peke yake hakulifungui, wala kupepea peke yake; ni mpaka yakutane yote mawili. Na likishaanza kulegea, hufunguka lote kwa hatua chache tu. Fundo lililolala vizuri nalo hufunguka, ila hudumu zaidi.

Lakini fundo bora si jawabu la mtu asiyeweza kufunga fundo lolote. Hapo mchongaji na Mjomba walianza kubishana, na kwa mara ya kwanza siku ile tulimsikia Mjomba akicheka. Alisema wazee wetu wa pwani walivaa mitalawanda, viatu vya mti vyenye msuruaki mmoja wa kushikwa kwa vidole, na hakuna aliyejikwaa kwa gidamu. Mchongaji akamjibu kwamba angemchongea jozi mara moja, ila daktari angewatia wote wawili ndani.

Badala yake alitwaa kipande cha mwarobaini. (Mpingo na muhugu vimeadimika, na wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda.) Akachonga kifungo cha ukubwa wa kokwa ya tende, akakitoboa matundu mawili membamba. Tuliagizwa dukani kununua lastiki ya mviringo. Akaipitisha kwenye matundu ya kiatu badala ya kamba, ncha zote mbili akazitia katika kifungo, akazipiga fundo nyuma yake ili kisichomoke. Ukisukuma kifungo chini, kiatu hubana; ukikivuta juu, hulegea. Mguu huingia na kutoka bila ya kufungua kitu, kwani lastiki hutanuka. Vipo vibanio vya plastiki vyenye springi vinavyofanya kazi hiyo hiyo, na wanariadha huvitumia. Vipo pia viatu vya velkro, vilivyotokana na ubunifu wa George de Mestral wa Uswisi, aliyevutiwa na vijimbegu vilivyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Mjomba aliwahi kuletewa jozi ya namna hiyo akaikataa, akisema ni viatu vya chekechea.

Tahadhari moja kwa wenye wagonjwa wa kisukari: lastiki isibane. Mguu usiohisi hautakuambia. Jioni vueni soksi, mtazame kama imeacha alama.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu ambaye ukanda wa kiatu chake umekatika atembee na kile kimoja kilichobaki, mpaka akitengeneze cha pili. Tulilikumbuka hilo Alhamisi, tulipokwenda kumchukua Mjomba kwa sala ya Alfajiri tukaambiwa ameshatangulia. Tulimkuta mlangoni baada ya sala, ameegemea ukuta, mguu wa kulia umeshaingia kiatuni. Cha kushoto alikuwa amekishika mkononi: kifungo kilikuwa kimepasuka kwenye tundu. Hakutaka tukitie fundo. Alitaka tupige simu Wamunyu, wakati ule ule, gizani.