Mutuelle za wanafunzi: nani anamwita dada mhami?

Msichana aliyetoka upande wa Alimbongo, akifika Butembo kwa masomo ya chuo kikuu, anaulizwa mambo mawili mbele ya yote: ametoka kijiji gani, na amelipa mchango? Jibu la kwanza linamwingiza katika mutuelle, kile chama cha wanafunzi wa eneo moja wanaosaidiana wakati wa ugonjwa, matanga na sikukuu ya kumaliza masomo. Jibu la pili linaweza kumwacha mlangoni. Tangu Disemba 2024, wakati M23 iliingia Alimbongo na jamaa nyingi zikafuata barabara ya Lubero na Butembo, majibu yote mawili yamekuwa magumu. Kijiji hakifikiki na mchango hakuna.

Kuko desturi ya Marekani inayofaa kutazamwa, maana inafanya hadharani jambo ambalo huku linafanyika kimya. Vyuo vingi vya kule vina vyama vya wasichana vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Wanachama wanaitana dada, na mara nyingi wanakaa nyumba moja. Vilianza katika karne ya 19, wakati wasichana walikuwa wachache chuoni na vyama vya wavulana havikuwapokea. Kuingia si kuandika jina tu. Kwenye Chuo Kikuu cha Alabama, kila Agosti wasichana zaidi ya 2,000 wanapita nyumba kwa nyumba: mazungumzo ya dakika chache, kucheka, nguo nzuri. Kila mzunguko ukiisha, msichana anapanga kwa namba nyumba anazozipenda, na dada wa kila nyumba nao wanapanga majina ya wasichana. Kompyuta inalinganisha orodha hizo. Asiyetakiwa haitwi tena, na hakuna anayemweleza sababu. Mwishoni anatia sahihi kwenye karatasi ya nyumba atakazokubali. Sahihi hiyo inamfunga: nyumba aliyoiandika ikimwalika naye akakataa, hawezi kuingia nyumba nyingine ya mpango huo mpaka mwaka unaofuata. Siku ya mwaliko anafungua bahasha, anasoma jina, anakimbia kwa dada zake wapya huku watu wakipiga kelele. Kisha yanaanza malipo, na katika nyumba nyingine yanafika maelfu ya dola kwa mwaka.

Mama anayeuza ndizi sokoni Butembo angecheka: kulipa ili upate dada?

Lakini mwaka 2013 kulitokea jambo kwenye chuo hicho cha Alabama. Gazeti la wanafunzi liliandika kwamba msichana mweusi mwenye maksi nzuri sana alikataliwa, na kwamba wanachama wa zamani, wamama waliomaliza masomo kitambo, waliingilia kati huku baadhi ya wasichana wa nyumba wakitaka kumpokea. Wanafunzi na walimu waliandamana. Rekta Judy Bonner aliagiza nafasi zifunguliwe tena, na wasichana weusi kadhaa wakapata mialiko. Wanawake weusi wa Marekani walikuwa wameanzisha vyama vyao tangu zamani, cha kwanza kikiwa Alpha Kappa Alpha, mwaka 1908 huko Washington. Ila mlango wa Alabama ulifunguka kwa sababu kulikuwa na kura, orodha na majina. Mtu aliweza kuhesabu.

Huku hakuna cha kuhesabu. Tangazo la mkutano linapita kwenye kikundi cha WhatsApp, na asiyelipa haongezwi. Mkutano unaanza kwa Kiswahili, katikati unageuka Kinande, na msichana aliyehama kutoka Rutshuru au Masisi anabaki kutazama midomo ya watu. Huyu hana hata mutuelle ya kijiji chake, kwa sababu wenzake wametawanyika, mmoja Goma, mwingine Uganda. Hakuna aliyemkataa. Hakuna aliyemwita pia. Siku malaria inamlaza katika chumba cha kupanga, ndipo inajulikana kwamba jina lake haliko popote.

Wakubwa wa mutuelle wana sababu yao, na si ya kudharau: sanduku tupu halinunui dawa wala jeneza. Wengi wao pia ni watoto wa wahami. Lakini wamama wa likelemba wanajua namna ya kusogeza zamu mwenzao akipata shida, na likelemba haifi. Mchango wa mhami unaweza kungoja mwaka wa pili. Au atoe kazi: kuandika ripoti, kupiga fotokopi za silabusi, kukaa na mgonjwa hospitalini. Na neno "kijiji" lihesabiwe pia mahali mtu analala sasa. Jamaa iliyopokelewa kwenye mtaa wa Butembo ni ya mtaa huo, hata kama kadi ya uchaguzi inasema mahali pengine.

Kuhusu ubatizo wa wapya, wale wanaoitwa bleu, maneno ni machache. Msichana aliyekimbia risasi usiku hana haja ya kupigiwa kelele gizani na kupigishwa magoti ili aitwe mwenzetu. Marekani, pamoja na nyumba zake za fahari, mwezi uleule wa Disemba 2024 ilitia sahihi sheria inayodai vyuo vitangaze wazi visa vya mateso ya namna hiyo.

Kabla masomo hayajafunguliwa, kila komite inaweza kubandika ukutani karatasi moja: nani anaweza kuingia, mchango ni franka ngapi, nani anasamehewa, na jibu linatoka siku gani. Asiyepokelewa aambiwe sababu, ana kwa ana. Na dada mmoja mwenye simu angojee kwenye parking yanaposimama magari ya kutoka Lubero.