Msiusugue Mtutu wa Babu

Ndugu zangu, nina neno juu ya bunduki za mrao, walizokuja nazo wazee wetu Unguja kutoka Oman. Mitutu yake mingi ilifuliwa kwa vipande vya chuma laini na cha pua, vikasokotwa pamoja. Kisha fundi aliipaka tindikali, ikala chuma kimoja kuliko kingine, maua yakatokea. Masonara wa Oman wakaivisha pete za fedha zenye nakshi.

Basi vijana wa Sydney, mkirithi mtutu wa namna hiyo, msiusugue kwa msasa ili ung'ae. Msasa hula maua na nakshi. Ufuteni kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo. Weusi ule si uchafu; ni kazi ya mkono.