Kansere ya ziwa: dawa ya kulalisha isimcheleweshe mama

Mama anayengoja kupasuliwa kansere ya ziwa ana maswali mengi. Moja limewasumbua hata waganga: je, dawa ya kulalisha inaweza kurudisha ugonjwa?

Swali hilo lina msingi. Wakati wa upasuaji, chembe za kansere zinaweza kuponyoka na kuingia katika damu, na kinga ya mwili ndiyo inapaswa kuziua. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba dawa za kulalisha zinazovutwa, pamoja na morfini, zinaweza kulegeza kinga hiyo. Mwaka 2006, uchunguzi mdogo juu ya wagonjwa 129 ulileta tumaini: waliochomwa ganzi ya mishipa karibu na uti wa mgongo walionekana kurudiwa na kansere mara chache zaidi.

Jibu lenye uzito lilikuja mwaka 2019, katika jarida The Lancet. Wanawake zaidi ya 2100, katika hospitali 13 za inchi mbalimbali, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa ganzi ya mishipa na propofoli. Lingine, sevofurani na dawa za jamii ya morfini. Kansere ilirudi kwa karibu 10% pande zote mbili. Hata maumivu ya kidonda baada ya miezi 6 yalikuwa sawa.

Ganzi ina faida yake: inapunguza maumivu ya siku za kwanza, na mgonjwa hahitaji morfini nyingi. Lakini haizuii kansere kurudi.

Kwa Kongo, hilo ni somo. Mwaka 2015, tume ya The Lancet ilihesabu kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji na usingizi salama. Ilipendekeza angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa wakaaji 100000. Sisi tuko mbali sana na hapo.

Kwa hiyo tusigombanie dawa gani ni bora. Tuidai serikali oksijeni, umeme usiokatika, kipimo cha oksijeni cha kidole, na mtu aliyesomea kazi ya kulalisha katika kila chumba cha upasuaji. Nawe mama, ukigusa uvimbe, nenda hospitali mapema. Mwulize muganga atakulalisha namna gani, ni haki yako. Lakini usiahirishe kupasuliwa kwa hofu ya dawa. Anayefaidika na kungoja ni kansere peke yake.