Ukishika ree mbili, pandisha!

Nilipotea kidogo, maandalio ya somo yalinibana. Leo naandika nikiwa na deni la chipsi mayai sahani tatu, na deni lenyewe limeletwa na karata nzuri kuliko zote.

Jumamosi usiku tulikuwa wanne chumbani tunacheza poka, ile ya kila mtu kushika karata mbili za siri halafu tano zinafunguliwa mezani. Hatuchezi kwa hela, bumu lenyewe halitoshi. Tunatumia punje za maharage, na anayeishiwa wa kwanza ndiye anayewalisha wenzake. Rumeti wangu akaanza na punje 6. Mimi nimeshika ree mbili, ya kopa na ya shupaza, mkono unaokuja kwa wastani mara 1 katika migawo 221. Nikajifanya sina kitu, nikafuata kwa 6. Wale wawili wakasema kwa bei hiyo hata sisi tumo. Zikafunguliwa 9, 6 na 2. Jamaa mmoja alikuwa ameshika 9 na 6. Mimi nikaendelea kumwaga maharage mpaka nikaisha.

Rumeti ananifariji eti bahati mbaya. Sikubali. Hata ningeshinda, nilicheza vibaya, na hesabu ni ya kidato cha nne tu. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya watu watatu zinashuka hadi kama 64. Mezani kulikuwa na punje 24. Asilimia 64 yake ni kama 15, toa 6 zangu, faida 9. Ningempandishia rumeti hadi 20, wale wawili wakalala, yeye akanifuata, fungu lingekuwa 40. Asilimia 85 ni 34, toa 20, faida 14. Tena huyo wa 9 na 6 angekuwa anakunywa chai.

Najua mtasema: ukipandisha wote wanakimbia, unabaki na vipunje vya kuhurumiwa. Sasa aliyeanza na 6 alianza kwa nini kama hazipendi karata zake? Mtu wa namna hiyo mara nyingi anakufuata. Mimi naona tunaficha karata kwa woga wa kumpoteza mteja, halafu tunauita ujanja.

Chanzo kingine ni ile filamu ya Rounders ya 1998. Inaonyesha fainali ya kweli ya World Series of Poker ya 1988, Johnny Chan alipomtega Erik Seidel kwa kufuata tu mpaka Seidel akasukuma zote. Kila aliyeitazama hapa hosteli anajiona Chan. Lakini angalieni: walikuwa wamebaki wawili tu, karata tatu za mezani zilikuwa zimeshafunguliwa, na Chan tayari alikuwa ameunga tano mfululizo, 8 hadi malkia. Kwa wakati ule hapakuwa na mkono wa kumshinda. Mimi nilikuwa na watu watatu na karata tano ambazo hakuna aliyeziona. Huo si mtego, ni mlango wazi.

Kuna mahali nawapa haki wapenda kufuata: karata ya tano ikishafunguliwa. Hapo hakuna tena karata ya kuogopa, kwa hiyo kupandisha hakukulindi na kitu. Swali linabaki moja, nani atanilipa nikipandisha? Tuseme una ree moja na mfalme, mezani kuna ree, mwenzako ameweka 20. Ukimpandishia hadi 60, mwenye jozi ndogo anatupa. Anayebaki mara nyingi ana jozi mbili au zaidi, anakupiga. Kama katika wale watakaokulipa hiyo 60 huwashindi zaidi ya nusu, fuata kwa 20 muone karata, basi. Rumeti hapo ndipo hupandisha kwa mbwembwe, kila siku!

Ijumaa tunarudi mezani. Nimeshawaambia ree mbili zikija napandisha hadi 20, na jamaa wa 9 na 6 anasema atafuata hivyo hivyo. Karibu sana. Ila kwanza nimalize hizo sahani tatu.