MKE NA MUME NDANI YA MELI MOJA



Leo nazungumza na wewe uliye kwenye ndoa. Soma mpaka mwisho, kisha umsomee mwenzako.

Katika miaka ya 1980 daktari wa upasuaji kutoka Marekani, Gary Parker, alipanda meli ya hospitali iitwayo Anastasis. Hilo ni neno la Kigiriki, maana yake ufufuo. Alipanga kukaa miezi mitatu tu. Humo melini akakutana na Susan, ambaye naye alikuwa amekuja kujitolea. Wakaoana, wakapata watoto wawili na kuwalea humo humo melini. Ile miezi mitatu ikageuka kuwa zaidi ya miaka 30.

Hata shirika lenyewe, Mercy Ships, lilianzishwa na wanandoa, Don na Deyon Stephens, mwaka 1978. Walianza na meli kuukuu ya abiria kutoka Italia. Baadaye ikaja Africa Mercy, ambayo zamani ilikuwa feri ya kuvusha treni kule Denmark. Ikafuata Global Mercy yenye vyumba 6 vya upasuaji, na hiyo mwaka 2023 ilitia nanga Freetown, Sierra Leone.

Wanafanya nini humo? Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka anashonwa. Mzee mwenye mtoto wa jicho anaona tena. Mama mwenye fistula, aliyefukuzwa kwa sababu ya harufu, anarudi nyumbani akiwa mkavu. Kuna uvimbe wa taya ambao si saratani, lakini usipoondolewa hukua mpaka mtu anashindwa kula na kupumua. Dkt. Parker ameutoa kwa miaka mingi, na mgonjwa halipi chochote.

Sasa sikia jambo linalonigusa zaidi. Wale wanaojitolea hawalipwi mshahara, na kwa miaka mingi wengi wao walichangia chakula na malazi yao wenyewe. Nahodha, nesi, fundi wa mitambo, mpishi, mwalimu wa watoto, wengi wametoa mfukoni ili wapate nafasi ya kufanya kazi!

Umewahi kumwona Msamaria kwa jicho hilo? Soma Luka 10:34-35. Alitoa mafuta yake, divai yake na mnyama wake, kisha akatoa dinari mbili zake. Hakusimama kando ya barabara akaitisha mchango. Sisi tumezoea kuuliza, "Huduma hii italipa nini?" Yeye aliuliza, "Imebaki ngapi nilipe?"

Najua kuna anayesema, "Pastor, hao ni wazungu, wana pesa." Ndugu yangu, ndani ya meli hizo wako Waafrika pia, manesi, mabaharia na wapishi. Halafu fungua Matendo 18. Akila na Prisila hawakuwa matajiri wa Ulaya. Walikuwa mafundi wa kushona mahema, tena wamefukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio. Wakimbizi! Lakini Paulo alipopanda meli kuelekea Shamu, walipanda naye. Aliposhukia Efeso akawaacha hapo, na wakaifanya kazi. Kwenye Warumi 16 Paulo anasema waliweka shingo zao hatarini kwa ajili yake. Na angalia, Biblia haimtaji mmoja wao pasipo mwenzake hata mara moja. Hiyo ndiyo ndoa ninayokuombea.

Ndoa nyingi ninazoshauri zina ploti, zina gari, zina watoto shule nzuri, lakini hakuna kitu hata kimoja ambacho mume na mke wanafanya pamoja kwa ajili ya mtu mwingine. Mkishamaliza kuongea karo na bili, mnabaki kimya, kila mtu na simu yake. Upendo unakauka si kwa sababu mmekosana, ila kwa sababu mmejiangalia wenyewe mno.

Hapa niseme jambo gumu, na ninaanza na mimi mwenyewe.

Miaka iliyopita mama mmoja alikuja madhabahuni akiwa na uvimbe shingoni. Niliweka mikono, nikakemea, nikamwambia aende kwa amani. Sikumuuliza kama ameonwa na daktari. Sikumuuliza kama ana nauli. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikaa nyumbani miezi mingi akingoja, akidhani kwamba kwenda hospitali ni kuikana imani aliyoikiri mbele yangu. Alipofika, ugonjwa ulikuwa umeenda mbali. Nilihubiri kwenye mazishi yake.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini Yesu anaponya, na nimeona akiponya. Sitaacha kuombea wagonjwa. Lakini Yakobo 2:15-16 ilinihukumu. Nilimtakia mtu heri bila kumpa alichohitaji. Mchungaji anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili kuonyesha imani anacheza na damu ya watu, na atatoa hesabu. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyempa daktari mikono. Omba, kisha mshike mgonjwa mkono umpeleke.

Jambo la mwisho. Meli hukaa bandarini kama miezi kumi, inatibu, inafundisha madaktari wa nchi ile, kisha inaondoka. Lazima iondoke. Ndiyo maana Afrika haiwezi kukaa ufukweni ikingoja meli. Wako wagonjwa ambao si wa meli, ni wako wewe. Yuko mzee hapo kijijini kwenu anayeongozwa na mjukuu kwa fimbo, na mtoto huyo haendi shule, kumbe babu anahitaji upasuaji mfupi tu wa jicho.

Kwa hiyo mkae leo jioni, wewe na mwenzako, mjibu maswali haya matatu:

1. Mikono yetu inajua kufanya nini? Nesi, fundi umeme, dereva, mpishi, mhasibu, wote wanahitajika kambi ya matibabu inapopangwa.

2. Mwaka huu tutatoa wiki gani ya likizo yetu kwa ajili ya wengine, tukilipa nauli yetu wenyewe? Labda ni Turkana, labda ni kata ya jirani.

3. Ni mgonjwa gani mmoja tunayemjua kwa jina, tutakayemfikisha kwa daktari kabla mwezi huu haujaisha?

Na wewe uliyestaafu, watoto wameondoka, nyumba imekuwa kimya. Usiseme umemaliza. Pengine Mungu ndiyo kwanza amekufungulia bandari.

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa watu tuliowaombea tukawaacha. Tuunganishe mke na mume katika kazi yako. Tupe macho ya kumwona aliye kando ya njia, na mioyo ya kulipa dinari zetu mbili bila kunung'unika. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA, kisha mtumie mwenzi wako. Halafu mkampigie simu yule mgonjwa.


Mchungaji wenu